Mwenge wa Katibu

Usinge, 8 Juni 1974

Dada Tekla mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kama furaha ingekuwa homa ningekuwa nimelazwa. Hapo Ipuli mnaendeleaje? Mtoto amepona surua?

Dada, nimeolewa. Kila asubuhi Eustace wangu ananiita malaika wake, nami nasahau uji jikoni. Ndiye katibu wa kijiji kizima cha ujamaa. Akisema "ndugu wananchi" hata mbuzi hunyamaza. Wanaonichosha ni wanakijiji. Kuna mzee mmoja, Ngollo, mrina asali, bado analala porini na mizinga yake. Humfuata ndege anayemwonyesha nyuki walipo, kisha humwachia sega, eti mshahara wake. "Usipomlipa, mama, safari nyingine atakupeleka kwa chui." Nilicheka mpaka kanga ikafunguka. Eustace anasema ndege huyo hana kadi ya ushirika. Mwisho wa mwezi mzee atatutembeza huko, iwe fungate yetu.

Mdogo wako,
Flavia

Ipuli, 19 Juni 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto anakula vizuri. Mama anakusalimu, anauliza kama siku hizi unapika au unatazamwa tu.

Kadi ya ushirika. Mumeo ana maneno mengi kama redio ya kinyozi, na yote ya kuazima. Ulipokuwa kidato cha tatu mlisoma *Jiwe kwa Njiwa*, riwaya ya mpagazi aliyechapwa kwa shanga alizoiba nyapara. Mwalimu akauliza njiwa yuko wapi. Ukapekua kitabu kizima ukitafuta manyoya, ukarudi nyumbani unalia. Nikakuambia njiwa ni huyo mpagazi. Hana pembe, hana meno, hamdhuru mtu. Ndiyo maana jiwe linampata yeye. Mwenye pembe hatupiwi.

Usimcheke mzee wa watu.

Dada yako,
Tekla

Usinge, 7 Julai 1974

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi mwili mzima.

Fungate yetu imeunguza ghala. Ngollo alirina, akauzima kwa mchanga mwenge wake wa kufukizia nyuki, akaumwagia na maji, akaushika kwa kiganja kuhakikisha. Eustace alitaka kunionyesha kwamba naye ni mwanamume. Akawasha mwenge wake, akapanda mti. Nyuki walipomvaa, akautupa kwenye nyasi kavu, akakimbia akimwita mama yake. Moto ukafika ghala la tumbaku la kijiji. Jasho la watu la mwaka mzima.

Jana barazani alisimama na uso umevimba, akisema ni jino. "Ndugu wananchi, adui wa ujamaa ni huyu," akamnyooshea kidole Ngollo. Mzee akatazama chini. Mgambo wamemfungia ofisini. Ijumaa anapelekwa polisi Tabora. Mimi nilikaa mstari wa mbele, nikitazama kucha zangu.

Eustace anasema mke mwema mdomo wake una mlango. Bado ananiita malaika. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Flavia

Ipuli, 10 Julai 1974

Flavia,

Marahaba. Sisi wazima. Barua hii nampa jirani yetu Selemani wa reli, ikufikie kabla ya Ijumaa.

Unaniuliza nini, na macho unayo? Nyapara wa kitabuni alikuwa mwizi tu. Waliojua na kunyamaza ndio waliorusha jiwe. Mumeo ni mwoga, huyo simshangai. Wewe je?

Dada yako,
Tekla

Stesheni ya Usinge, 12 Julai 1974

Dada Tekla,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama.

Nimesema. Leo asubuhi watu walijaa mbele ya ofisi wakisubiri gari la kumchukua. Nikasema mwenge ulikuwa wa mume wangu, na mimi ndiye niliyeshika ndoo ya asali. Eustace akacheka. "Mke wangu ana mimba changa, anaota mchana." Watu wakacheka naye.

Ndipo Ngollo akainua mikono yake iliyofungwa kamba. "Mama ananihurumia tu. Moto ni wangu. Mwacheni, ndoa yake bado mbichi."

Na Eustace, Dada, akamshukuru. "Ahsante, mzee, kwa kusema kweli." Kisha akanipangusa vumbi begani, taratibu, kama anayepangusa kiti chake. Nimemlilia mtu huyu kwa mapenzi mwezi mzima, na ndani ya shati hamkuwa na mtu.

Selemani anaondoka sasa hivi na treni ya mizigo, atakuletea barua hii. Mimi napanda ya abiria kesho. Msinipikie mapema. Nikishuka Tabora naenda polisi kwanza, nikaseme tena.

Mdogo wako,
Flavia