Jeraha Lililoachwa Wazi

Jumatatu, 3 Juni

Upele wa nyumba nzima leo, mama na watoto wake wakijikuna kwenye benchi moja. Kisha mabaka. Kisha binti aliyejichubua uso kwa krimu, anataka krimu nyingine ya kutibu ile ya kwanza. Nimemfokea. Vumbi la Juni limeingia mpaka kwenye boksi la glovu.

Karibu na mchana akaingia Madame Clémence kuchukua jibu la kipimo chake. Anafundisha shule ya msingi Kapolowe. Ana ualbino. Kofia pana, mikono mirefu, miwani mizito. Ana kidonda kati ya pua na pembe ya jicho la kushoto, na chini yake kovu la zamani. Alishakatwa hapa hapa hospitalini na Docta Kasongo, mkuu wetu wa upasuaji, akashonwa vizuri, akarudi kazini. Ugonjwa nao ukarudi.

Jibu: saratani. Nilijua tangu nilipokigusa kidonda, lakini kusoma karatasi ni jambo jingine.

Hii ndiyo kazi niliyoisomea. Udaktari Lubumbashi, ngozi Dakar, na juu ya ngozi upasuaji wa saratani yake peke yake. Unakata kidogo. Unatazama kingo zote kwa hadubini. Palipobaki mzizi unarudi pale pale tu, kwingine hukati hata unywele. Hushoni mpaka kingo ziwe safi. Kule hadubini ilikuwa chumba cha pili, mgonjwa anangoja na chai yake. Hapa ile ya kufaa iko Lubumbashi. Kwa hiyo jeraha litabaki wazi mpaka jibu lirudi. Usoni mwa mtu.

Nimemweleza yote. Ameuliza neno moja.

"Jicho itabakia?"

Nimesema nitalipigania. Sikuthubutu kusema ndiyo.

Jumanne, 4 Juni

Docta Kasongo amenicheka mbele ya wauguzi. "Miaka yote ile kule Dakar, balikufundisha kukosa kushona?" Wauguzi nao wakacheka. Nikatabasamu kama mjinga. Damu inanichemka mpaka sasa.

Si mtu mbaya. Ana mikono mizuri, amewatoa wachimbaji kwenye mdomo wa kaburi. Lakini saratani ya ngozi si jipu. Unayoiona juu ni kidogo, iliyobaki inatambaa chini ya ngozi nzuri na haionekani. Yeye alikata alichokiona. Ningekuwa yeye, bila kusomea hili, ningefanya hivyo hivyo.

Hilo sikumwambia. Nina kiburi, najijua.

Jumatano, 5 Juni

Nimemkata Clémence leo. Ganzi ilishika mara moja. Yeye alikuwa akihesabu taratibu, nambari za darasa la kwanza, mpaka muuguzi akaanza kumwitikia.

Kinyama kilipotoka nikakigawa vipande vinne kama nilivyofundishwa. Cha upande wa pua nikakitia uzi. Vingine vitatu nikavipaka wino: bluu kwa upande wa jicho, kijani kwa shavu chini, nyekundu kwa upande wa sikio. Kila rangi ni anwani. Jibu likija na rangi, nitajua pa kurudi. Vyote kwenye chupa ya formoli, dawa ya kuhifadhia nyama, chupa kwa dereva, dereva Lubumbashi.

Jeraha nimelifunika kwa vaselini na bandeji. Nilipoondoka chumbani nilihisi nimesahau kitu. Nikahesabu vyombo. Vimetimia. Nikajiambia ni uchovu.

Ijumaa, 7 Juni

Wodini wanasema docta wa ngozi ameshindwa, wanamngoja mkubwa aje kumalizia. Mama wa kitanda cha jirani ameniambia hivyo usoni bila kupepesa. Kwao upasuaji ni kushona. Kama hujashona, umekimbia kazi.

Clémence anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake kwa jicho moja, jingine liko chini ya bandeji. Nimebadilisha kitambaa mwenyewe. Jeraha safi, jekundu, linapendeza. Linapendeza kwangu mimi. Kwa mwingine yeyote ni shimo.

Jumapili, 9 Juni

Kaka yake mkubwa amefika kutoka Kakanda, ambako anafanya kazi kiwandani. Anamwita Yaya Fidèle, kwa heshima ya kaka mkubwa. Mrefu, suti ya kanisani, amekaza uso. Aliomba aone kilicho chini ya bandeji. Nikamwonesha. Akaangalia, kisha akanigeukia.

"Docta, ulipasula muntu, kisha ulikosa uzi?"

Nikaeleza. Akasikiliza kwa heshima na hakuamini hata neno. Alitaka kumhamisha leo leo. Clémence akakataa. "Yaya, acha tungoje jibu." Amempa mpaka jibu lije. Yaani amenipa mimi.

Sikula mchana.

Jumanne, 11 Juni

Docta wa maabara amepiga simu kutoka Lubumbashi. Chenye uzi, safi. Katika vitatu vilivyobaki, viwili safi. Kimoja kina saratani mpaka ukingoni.

Nikamuuliza rangi gani. Akasema kwa upole, hakuna rangi. Formoli yote imegeuka kama maji ya kufulia, vipande vyenyewe vyeupe.

Siki! Mama weee, siki! Kule Dakar fundi wa maabara alikuwa anapaka siki juu ya wino ili ushike. Kila siku, kila mgonjwa. Chupa niliiona, harufu naijua, sababu yake niliiandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Kuipaka kwa mkono wangu, sijawahi. Ilikuwa kazi ya mtu mwingine, ikanitoka kabisa.

Docta Kasongo asingekosea hivi. Angetuma kinyama kizima na uzi mmoja, pande zote zingejulikana. Mimi nilikigawa kwa utaalamu wangu, nikapoteza anwani kwa utaalamu wangu.

Sasa saratani imebaki upande mmoja kati ya mitatu, na sijui upi. Nikikata yote mitatu, pembe ya jicho inaondoka, pengine bure kabisa. Nikiacha upande wa jicho na kumbe ndiko iliko, itaingia kwenye mfupa, halafu jicho lenyewe. Nimejifungia ofisini. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumatano, 12 Juni

Nilikwenda kwa Docta Kasongo. Nilidhani atacheka. Hakucheka, na hiyo ilinitisha zaidi. Akasema nikate pande zote kwa upana, pamoja na jicho, nishone, yaishe. "Jicho moja kweli, lakini muntu eko muzima." Angeniambia hayo kwa dharau ningemchukia. Alisema kama mtu aliyewahi kuchagua hivyo.

Si ushauri wa kijinga. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Kisha wodini. Nilitamani kusema maabara ndiyo iliyokosea. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, fupi, nzuri, hakuna ambaye angejua. Nikaimeza. Nikawaambia Clémence na Fidèle: wino ulitoka kwa sababu sikuupaka siki, kosa ni langu, saratani imebaki na sijui ni upande gani.

Fidèle akasimama. "Kumbe weye njo ulikosea." Akaanza kukunja blanketi la dada yake. Anataka kumpeleka kwa watu wa maombi, angalau wale hawakati. Ningekuwa kaka, ningekunja pia.

Clémence akamshika mkono. Akaniuliza polepole, kama anayemuuliza mwanafunzi. "Kama unajua pale ilibakia, utakata pale tu?"

Pale tu, nikasema.

"Basi tafuta."

Fidèle ametoa mpaka keshokutwa. Blanketi liko juu ya begi, limekunjwa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeondoka na basi la kwanza kwenda Lubumbashi. Baridi, madirisha hayafungi. Njia nzima nilikuwa nafikiri jambo moja: ngozi si moja. Hilo nalo nilifundishwa. Mpasuaji wa saratani ya ngozi anasoma mwenyewe vioo vya hadubini vyenye vipande vya nyama, hangoji kusomewa. Tulikaa kwenye hadubini mpaka shingo zikauma, ngozi ya pua, ya sikio, ya mdomo, mpaka ukiletewa kioo bila jina unasema kimetoka wapi.

Docta wa maabara alinipisha kiti chake. Alikuwa amevitazama na yeye, akaona tofauti, lakini asingeweza kuapa kwa ajili ya jicho la mtu. Namwelewa.

Kioo cha kwanza: mafuta mengi, vifuko vikubwa vya jasho na mafuta, nywele nene. Shavu. Safi.

Cha pili: vile vile, maana hata upande wa sikio ni shavu. Shavu. Safi.

Kabla ya cha tatu nilishajua kwa hesabu tu, lakini niliangalia. Ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Mafuta hakuna. Chini yake moja kwa moja nyuzi za msuli, ule unaofumba jicho. Na ukingoni, viota vya saratani, vya zambarau, vimejipanga.

Upande wa jicho.

Nilitaka kiwe cha shavu. Nikaangalia tena. Nikaanza upya toka cha kwanza, docta wa maabara akanifuata kwa jicho lake kwenye mrija wa pili wa hadubini, akatikisa kichwa kukubali. Hakuna shaka.

Shavu limepona. Lakini pembe ya kope la chini lazima iende, na tundu linalonyonya machozi liko mle mle. Jicho litaona. Machozi yake ndiyo hayatakuwa na njia.

Nimerudi na basi la mwisho.

Ijumaa, 14 Juni

Nimewaambia Clémence na Fidèle kabla hawajakaa vizuri. Saratani iko upande wa jicho, mahali padogo. Jicho nitaliacha. Machozi yatatiririka shavuni, siku zote, hata akifurahi. Sitaweza kulirekebisha hilo hapa.

Fidèle alitaka kujua nimejuaje safari hii. Nikamweleza habari ya ngozi nyembamba na ngozi nene. Akajishika kope lake mwenyewe, kisha shavu, akabinya. Akatoa blanketi juu ya begi akampa dada yake ajifunike.

Clémence alikuwa amekwisha kuvua miwani. "Basi kata. Ila leo usisahau siki."

Nilicheka. Sikutegemea. Tulicheka wote isipokuwa Fidèle.

Tulipoingia chumba cha upasuaji, Docta Kasongo alikuwa ndani, amenawa, amevaa. Sikumwita. Akasimama upande wa pili wa meza, akashika kope kwa ndoano mpaka mwisho. Nilikata ukanda mwembamba. Uzi ncha hii, wino ncha ile, siki juu yake. Chumba kizima kilinuka saladi. Alipovua glovu aliniuliza kwa nini siki, nikamweleza, akataka kuiona chupa.

Jeraha limebaki wazi tena.

Jumatatu, 17 Juni

Hakuna jibu. Umeme umekatika tangu asubuhi, simu iko chaji ya mwisho, nimeificha mfukoni kama yai. Nimemfokea muuguzi asiye na kosa. Nikamwomba radhi. Nikamfokea tena.

Mbaya zaidi ni kwamba hakuna mahali pengine pa kukata. Ikiwa bado iko, jicho linaondoka.

Jumanne, 18 Juni

Safi. Kingo zote. Uzi na rangi mahali pake.

Nilikaa sakafuni kwenye korido, na koti langu jeupe. Mama wa kitanda cha jirani akadhani kuna aliyekufa.

Mchana nikamshona. Nilichukua ngozi nyuma ya sikio, ambako jua halijawahi kufika, nikaitandika penye shimo. Mishono midogo. Sikuharakisha hata mmoja. Fidèle alingoja mlangoni. Nilipomwonesha, aliangalia uzi kwa muda mrefu. "Sasa njo umemaliza," akasema. Akaondoka kwenda kutafuta basi la Kakanda.

Ijumaa, 28 Juni

Nimemtoa Clémence nyuzi. Ngozi imeshika, ina rangi ya waridi hafifu. Ikikomaa kidogo ndiyo atarudi darasani, na nimemwambia kofia hata ndani ya darasa, karibu na dirisha. Atakuja kuangaliwa kila baada ya miezi michache, kwa miaka. Amekubali.

Tulikuwa wawili tu. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama ukutani, akasoma tangazo la chanjo kwa la kushoto. Neno kwa neno, kwa sauti ya darasani, mpaka maandishi madogo ya chini. Alisogea karibu, kama alivyozoea kusogea siku zote.

Chozi likashuka kwenye lile shavu. Nikanyoosha mkono na pamba.

"Acha, Docta. Minye sililie. Inatoka tu."

Kweli hakuwa analia. Aliyekuwa analia ni mimi.