Namba Inayokatwa Kulia

Jumanne, 9 Septemba 2025
Daktari kasema mguu wa kulia wa Baba ukatwe chini ya goti. Sukari imeshachukua vidole viwili na kidonda kinapanda. Anataka jibu Jumatatu. Baba kagoma. Eti akizikwa, azikwe mzima. Kisha kaniuliza kama vitenge vipya vimefika dukani! Hasira zikanipanda, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 10 Septemba
Naandaa somo la namba tasa, nimekutana na 73939133. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sawa, ziko nyingi. Lakini futa tarakimu ya mwisho: 7393913. Tasa! Futa tena: 739391. Tasa. Halafu 73939, 7393, 739, 73, mpaka 7 peke yake. Kila ukikata, kilichobaki hakigawanyiki. Na hakuna kubwa zaidi yenye tabia hiyo — ongeza tarakimu yoyote mwishoni, inaharibika. Hakuna aliyeitengeneza. Ilikuwa hivi kabla Kariakoo haijawa Kariakoo. Mwili umenisisimka, na maharage yameungua.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimemwonyesha Baba baada ya swala. Maisha yake yote kakata vitambaa Kariakoo, nikajua ataielewa. Nikamwambia akate mwishoni, nikamwachia kalkuleta. Baadaye akaniita: namba yangu ya uongo. 3939133 inagawanyika kwa kumi na moja. Nikajaribu — kweli! Kumbe kakata kushoto. Yeye kaanza kusoma chuoni kwa maalim, kwa herufi za Kiarabu, na kwake mstari unaishia kushoto.

Nikamwambia, Baba, hii inakatwa kulia tu.

Akaangalia miguu yake, mmoja, kisha mwingine.

"Kulia tu?"

"Kulia tu, Baba."

Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo. Nimeogopa, sijui kwa nini.

Jumamosi, 13 Septemba
Kashinda na kalkuleta, chai imepoa. Anakata, anajaribu kugawa, anatikisa kichwa. Alipofika 7 kasema subhanallah, polepole. Kisha kataka chaki yake ya kitambaa.

Dukani hakuwa akikata palepale penye kipimo. Alizidisha vidole vinne, mteja asije akapungukiwa.

Sasa kaketi kitandani, suruali kaikunja, vidole vinne kaviweka chini ya goti. Anauliza, hawa wa hospitali nao huzidisha?

Chaki iko juu ya ngozi, hajachora, ananisubiri mimi —