Kahawa ya Kutafuna kwa Mama Dahabo

Garissa,
Jumatatu, jioni

Mamangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Shikamoo mama, na ya baba umfikishie akirudi na dele lake la kahawa. Kifua chako kinaendeleaje? Nilikuomba uwe ukifungua dirisha unapokaanga kahawa, na najua hukufungua. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila roho inanichemka, na nisipokumwagia wewe nitammwagia nani?

Halua uliyoitia kwenye basi ilifika imejitoa samli kwa joto. Tuliila hivyo hivyo. Joto la huku, mama, ukianika kanga, ukifika mwisho wa kamba ile ya mwanzo imeshakauka. Mvua hakuna, na mbuzi wamekonda hadi haya kuwatazama.

Sasa nikwambie kilichoniudhi. Zeinab unamjua kwa barua zangu, yule mwalimu mwenzangu mzaliwa wa hapa tunayekaa naye nyumba moja ya shule. Jumamosi sisi hatupiki. Tunangoja jua lipande, kisha tunakwenda hoteli ya Mama Dahabo, mtaa wa pili kutoka shuleni, tunakula chakula ambacho si cha asubuhi wala si cha mchana: anjera, ile mikate yao kama chapati za maji, ini la mbuzi na vitunguu, na chai ya maziwa ya ngamia. Wanaume wanakaa mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia, na ukiniuliza mimi, nyuma ndiko kuzuri. Kuna mkeka, kuna upepo, na habari zote za mji ziko huko.

Ila ni chai tu, mama. Chai kushoto, chai kulia. Nami kila Jumamosi nilikuwa nikiwaringia wale wanawake: kwetu Mombasa ndiko kwenye kahawa, babangu muuza kahawa, mamangu mkaangaji, mimi mwenyewe nimelelewa ubavuni mwa kinu. Walikuwa wakicheka na kunimiminia chai nyingine.

Basi Jumamosi moja Zeinab ananiambia, leo kwa Mama Dahabo kuna bun, yaani kahawa. Nilivaa buibui langu zuri, mama. Nilikwenda hadi nimemwacha nyuma. Tulipoketi, Mama Dahabo akaja na bakuli la mti, akaliweka mbele yangu mimi kwanza, kwa heshima. Natazama ndani, naona buni nzima nzima na maganda yake, zinaogelea katika samli na sukari. Hakuna dele, hakuna kikombe, kuna kijiko.

Nilihisi nimetukanwa. Nikalisukuma lile bakuli. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba hii si kahawa, kahawa hukaangwa kavu ikatwangwa ikanywewa, na kwetu anayetia samli kwenye kahawa ameiharibu. Nilitegemea wacheke kama kawaida yao. Hakuna aliyecheka. Mama Dahabo alinitazama bila hasira yoyote, akasema, "Mwalimu, hii mimi siuzi. Hii ya Abdi, mtoto yangu. Kama wewe habana taka kula, basi, sema tu amin."

Nikainuka, nikatoka. Hata hiyo amin sikuisema.

Nje ndiko Zeinab aliponieleza. Abdi ni mwanawe wa pekee, dereva wa lori. Alibeba sukari kupeleka Elwak, akaonekana njiani, Modogashe, akinywa chai, na tangu hapo si yeye, si lori, si utingo wake. Njia ile ina majambazi wenye bunduki, kila mtu anajua. Na kwao Mama Dahabo, mtu akiwa na jambo zito, hukaanga buni kwa samli, akawaita watu watafune pamoja na kuomba dua. Ukilirudisha bakuli, umeirudisha dua. Nami nilipewa kwanza kwa kuwa mgeni, na dua ya mgeni ina uzito.

Mama, nilimwakia Zeinab hadi wapita njia wakasimama. Mbona hukunitahadharisha? Rafiki gani wewe, unaniacha niaibike mbele ya mama wa watu? Akangoja nimalize. Kisha akasema, "Ulisema wewe ni mtoto wa kahawa. Nilidhani unajua."

Wiki nzima sikumsemesha, na aliyeniudhi kweli hakuwa yeye. Usilolijua ni usiku wa kiza, lakini mimi niliingia humo nikijiita taa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Mama Dahabo alinisogezea bakuli, mimi kwanza tena. Nikachota, nikatafuna maganda na yote. Ni chungu, kisha ni tamu, na samli inakuteremkia kidevuni. Tukaomba dua, nikasema amin hadi sauti ikanikauka. Samli iliyobaki akajipaka mikononi, kisha akanipaka na mimi kwenye paji la uso, kama unipakavyo wewe mafuta nikiwa na homa.

Sasa hapa ndipo hasira za kweli zinapoanza. Leo asubuhi niliomba ruhusa nikafuatana naye ofisini kwa mkuu wa wilaya kuulizia lori. Mama wa watu kila siku anakwenda, kila siku anaambiwa angoje. Karani alikuwa anakunywa chai. Mama Dahabo akaeleza habari yake, kwa Kiswahili chake, nami nilikielewa chote. Karani akanigeukia mimi: "Mwalimu, mwambie asubiri." Mwambie! Na amesimama hapo mbele yake, machozi yanamtoka. Nikauliza asubiri nini, na nani ametumwa njia ya Modogashe kutazama. Hakuna. Hakuna aliyetumwa hata mmoja. Lori zima la sukari, watu wawili ndani yake, na watu wazima wenye vyeo wanakoroga chai. Akaniuliza mimi si mtu wa huku, yananihusu nini.

Nikamwambia, "Nimekula kahawa yake."

Hakuelewa, na sikumweleza. Tutarudi kesho, na keshokutwa, mpaka wanichoke.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na mtoto wao umbusu. Shangazi mwambie kanga zake nazivaa. Jirani yetu fundi cherehani mpe salamu, na wale wazee wa baraza ya baba, mmoja mmoja.

Na hao wazee, mama, nina haja nao. Safari hii ukikaanga kahawa, kabla ya kuitia kinuni, chukua buni kiganja kimoja zenye maganda, uzikaange kwa samli. Mpe baba awapelekee barazani, wazitafune, wamwombee Abdi wa Dahabo aliyepotea njia ya Elwak. Wao ni wageni wa mbali zaidi yangu. Najua utasema samli kwenye kahawa ni uharibifu. Nami nilisema hivyo hivyo. Sema, mama, kisha utafune.

Mwanao anayekukumbuka,
Mwanaisha