Picha za Furaha

Jumanne, 3 Septemba

Wanafunzi tangu asubuhi. Kola nyeupe, nyuso zimepakwa mafuta, hakuna anayetaka kucheka. Masomo yameanza jana na kila shule inataka picha leo.

Mashini, kompyuta yangu ya picha, imenichosha. Feni inanguruma hata kama sijafungua kitu. Mega za intaneti nilizonunua juzi zimekwisha, na sijaangalia video hata moja. Halafu taa ndogo ya kamera, juu ya kioo, iliwaka yenyewe nikiwa nakunywa chai. Nikazima. Umeme ulikuwa unapanda na kushuka, nikasema ni huo.

Nimemaliza picha za Furaha. Miezi minane. Kitenge cha bluu kifuani, tumbo wazi, macho chini kana kwamba anamsikiliza mtu. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii alikuja nayo kwangu kwa siri, kwa sababu mimi ni mwanamke na ninamjua tangu akiimba kwaya ya watoto. Mama mkwe wake, Maman Bahati, hataki hata itajwe kwa sauti. Furaha kasema atazichukua mtoto akishazaliwa, si kabla.

Sijapiga picha nzuri kuliko ile ya macho chini. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu.

Ijumaa, 6 Septemba

Ujumbe kwenye mashini. Kifaransa kibovu. Wanasema wana picha za wateja wangu, nilipe, la sivyo watazitoa mbele za watu.

Nikampigia Serge, mpiga picha mwenzangu wa kule chini barabarani. Akacheka kwamba ni waongo tu. "Maman Aline, hao ni batu ba bongo. Banatumaka ile kwa kila mutu. Futa tu."

Nikafuta.

Baadaye mshale ulitembea kwenye kioo na mkono wangu uko magotini. Kipanya kimezeeka. Nitanunua kingine.

Jumapili, 8 Septemba

Simu ilianza kutetemeka misa haijaisha. Nilipotoka nje nikaona.

Picha zimewekwa kwenye ukurasa wa studio yangu mtandaoni. Kwa jina langu. Wanawake wanne, wote wajawazito, wote walikuja kwangu wakaniomba nifunge pazia. Juu ya wote, Furaha. Chini yake imeandikwa kana kwamba ni mimi ninayejisifu kwa wateja.

Nikajaribu kuingia nizitoe. Neno la siri limekataa. Nimeandika mara nyingi. Limekataa.

Watu wameanza kuzituma kwenye makundi yao ya simu. Wanabandika sura zinazocheka juu ya tumbo lake.

Furaha alipiga simu.

"Maman Aline, ni weye?"

Nikasema hapana, Mungu ananiona, si mimi.

"Lakini ni jina yako njo iko pale."

Akakata. Nimeketi sakafuni studio. Sijala.

Jumatatu, 9 Septemba

Maman Bahati alikuja. Tumekuwa majirani hapa Muhumba miaka mingi, tunaazimana chumvi. Leo alibaki mlangoni, hakutaka kiti.

"Umetembeza tumbo ya muke ya mutoto yangu sokoni."

Nikamwambia kuna mtu ameingia kwenye mashini. Nikasikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyo mepesi.

"Ameingia namna gani? Mulango ulikuwa wazi? Mashini iko na mikono?"

Akaondoka.

Bahati amempeleka mke wake Kavumu, kwa mama mzazi wa Furaha, akae huko mpaka azae. Mbali na macho ya watu. Mbali nami pia. Najichukia leo.

Jumanne, 10 Septemba

Patrick amekuja, mtoto wa dada yangu. Anafundisha informatiki, mambo ya kompyuta, chuoni. Kitu cha kwanza, kabla ya kuketi, aling'oa modemu. Halafu akauliza: kuna mtu alikupa programu yoyote?

Nikakumbuka. Mwezi wa sita Serge alinipa flashi. Programu ya kusafisha picha, ile ya bei kali, lakini hii ya bure. Ndani kulikuwa na maelezo: kwanza zima antivirusi, ndipo usakinishe. Nikazima. Kwa kidole changu hiki. Programu ikafanya kazi vizuri sana, ndiyo maana sikushuku lolote.

"Njo pale aliingia, maman. Ile kazi nzuri ilikuwa ya mbele. Nyuma ilileta ingine."

Akanieleza polepole. Kitu hiki hakiharibu mashini. Kinahitaji mashini iwe nzima. Kinaketi kimya, na kila ninapowasha kinamwita mwenye nacho, popote alipo, na kumfungulia mlango wa nyuma. Yeye anaona ninachoandika. Anafungua kamera. Anachukua maneno ya siri ambayo mashini inanitunzia nisichoke kuyaandika. Mega zangu zilikwenda huko, zikibeba picha.

Tangu mwezi wa sita. Mbele ya kioo kile nimebadilisha nguo. Nimelia siku ya kumkumbuka mume wangu. Nimesali rozari. Mtu alikuwa anaangalia.

Patrick alinionyesha orodha ya programu zinazoendelea. Moja ina jina kama la mashini yenyewe, ila herufi moja imezidi. Nimekuwa nikiipita kila siku.

Maneno ya siri tuliyabadilisha kwenye simu yake, si kwenye mashini. Alisema ningeyaandika pale, yule mtu angeyachukua tena. Kwanza barua pepe, halafu ukurasa. Sasa mtu akitaka kuingia lazima simu yangu ikubali. Ukurasa umerudi. Nimetoa picha zote. Lakini zimeshaingia kwenye simu za watu, na huko sina ufunguo.

Jumatano, 11 Septemba

Patrick alikuja na flashi aliyoitengeneza chuoni kwenye mashini safi. Akaiwasha yangu kwa kutumia flashi ile, ili kile kitu kibaki kimelala wakati tunakitafuta. Kikapatikana. Kikafutwa. Nikapiga makofi kama mjinga.

Akaiwasha kawaida. Kikarudi. Kilikuwa kimejiwekea saa ya kuamka, mahali pengine ndani.

"Siiamini tena hii mashini," akasema. "Tunapangusa yote, tunaanza upya."

Picha tu ndizo zitabaki, akizipima moja moja. Programu hakuna hata moja. Nikampigia Furaha kabla hatujaanza. Alipokea, nikashangaa. Nikamweleza yote, flashi, antivirusi, kidole changu. Alisikiliza.

"Futa zangu," akasema. "Zote. Hata moja isibaki."

"Nikuwekee hata moja, labda siku ingine..."

"Futa, Maman Aline."

Nikafuta. Kwenye mashini, kwenye diski ya nje, kwenye kadi ya kamera. Patrick aliuliza mara mbili kama nina hakika.

Jioni mashini ilikuwa tupu na nyepesi. Mfumo mpya, antivirusi ambayo sina ruhusa ya kuizima hivi hivi. Akaunti yangu ya kila siku haiwezi kusakinisha kitu. Lazima niingie kwa nyingine, nifikiri kwanza. Kamera nimeifunika kwa kipande cha plasta ya kidonda.

Mashini imepona. Sijisikii chochote.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilikwenda kwa Serge nimejaa maneno. Nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya studio yake. Patrick alikuwa ameshapita. Kitu kile kile kiko kwake, tena tangu zamani. Flashi aliipata kwa mwingine, mwingine kwa mwingine. Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake.

Nilitaka sana awe na kosa. Nimerudi na maneno yangu yote.

Wale wanawake wengine watatu nimewapigia. Mmoja amenitukana. Mmoja amesema yaishe. Wa tatu hapokei.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua. Bahati amepiga simu kutoka Kavumu.

Mtoto amezaliwa amekufa. Msichana.

Kamba ya kitovu ilimzunguka shingoni. Daktari ndivyo alivyosema, Bahati alirudia mara kadhaa. Hapa mtaani wanasema ni macho ya watu. Wameshasema, kabla ya jioni.

Ninajua alichosema daktari. Ninajua. Hainisaidii.

Jumatatu, 30 Septemba

Kavumu. Sanduku dogo, Bahati alilibeba peke yake. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na migomba. Maman Bahati aliniona. Akageukia kaburi.

Kwa kawaida kwenye kilio mimi ndiye ninayeitwa na kamera. Leo mikono yangu haikujua mahali pa kukaa.

Jumapili, 13 Oktoba

Furaha amepiga. Sauti yake imepungua. Aliuliza hali yangu, akauliza kama mvua inanyesha na huku. Halafu:

"Zile picha. Kama iko moja tu. Ile niko naangalia chini."

"Nilifuta, Furaha. Ulinituma nifute."

"Najua," akasema. "Niliuliza tu."

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetafuta. Diski haina kitu. Patrick amejaribu kufufua kadi, lakini juu ya picha za Furaha nimeshapiga mamia ya wanafunzi. Wametoka wao, na kola zao.

Nikageukia zile zilizotembea kwenye makundi. Niliomba, bila haya. Nimepata. Zote zina sura inayocheka, imekaa juu ya tumbo. Nikajaribu kuifuta. Chini yake hakuna kitu. Ningeweza kuchukua ngozi ya pembeni nikafunika, ni kazi yangu, hakuna ambaye angejua. Lingekuwa tumbo nililochora mimi, halina mtoto ndani.

Nikaacha. Nikafunga studio mapema.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maman Bahati aliingia bila kubisha. Safari hii aliketi. Sijui nani alimwambia ninachotafuta; mtaa huu hauna siri.

Akatoa simu yake kwenye kitenge, akahangaika nayo, akanipa. Picha ya macho chini. Nzima. Haina sura ya kucheka. Aliichukua kwenye ukurasa Jumapili ile ile, kabla watu hawajaichezea.

Akasema:

"Nilikuwa na hasira. Lakini nilimuona ule mutoto mu tumbo vile alikuwa amekaa vizuri. Nikasema wacha nimuweke."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ufanye ile kazi yako. Usimuambie ni mimi."

Nikaihamisha. Tulikaa. Nikampa chai, akanywa nusu.

Picha ni ndogo, mtandao umekula ukubwa wake. Nimeichapa kwa kipimo cha kiganja, kikubwa zaidi ingevunjika, sura isionekane. Sikugusa rangi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilikwenda Kavumu baada ya misa ya kwanza. Furaha alikuwa nyuma ya nyumba na mama yake, wanaambua maharage mabichi. Amekonda. Aliinuka, akanipa mkono, akaniletea kigoda.

Nikampa bahasha. Aliifungua, akaangalia muda mrefu. Aligusa tumbo kwenye karatasi kwa kidole kimoja, polepole. Nikaogopa kwamba angeuliza imetoka wapi. Hakuuliza. Akaingia nayo ndani, akakaa huko. Mama yake na mimi tuliendelea na kazi, hatukuangaliana.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakusema asante, wala sikuitaka. Hakusema amenisamehe. Alisogeza beseni katikati yetu.

"Haya ya chini iko na wadudu," akasema. "Uyatenge."

Nikayatenga. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani. Tuliambua mpaka beseni likajaa.