Bahasha ya Egide

Jakobsberg, Stockholm
Tarehe 9 Novemba

Kwako Dada Truphosa,

Pokea salamu za ndugu yako kutoka huku ambako saa kumi za mchana taa za barabarani zimeshawashwa. Naomba zikukute mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na goti lako liwe limepata nafuu sasa mvua zinapopungua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, naenda kazini. Utaona huko mbele kwa nini nimeyataja hayo matatu.

Najua unashangaa kupata barua ya kalamu ilhali tunaandikiana kwenye simu kila Alhamisi. Simu siiamini kwa sasa. Hii ataileta Natalie wa kanisani kwetu, anayekuja Kakamega kumwona mamake. Nimenasa unywele mmoja kwenye gundi ya bahasha. Ukiukuta umekatika, ujue Natalie ameshasoma, na usimpe chai. Cheka tu. Si wewe uliyesema zamani kwamba mimi naweza kukidai kivuli changu kitambulisho?

Na kazi ndiyo imenimaliza kabisa. Unajua pale hospitalini Flemingsberg ninakagua vyombo vya upasuaji vikitoka kuoshwa: makasi, koleo, visu, kila sinia na idadi yake. Mwenzangu akisema chombo ni safi, mimi nakiinua kwenye taa. Mtu anayefanya kazi hiyo kutwa nzima hawezi kuvua macho hayo akifika nyumbani. Kwa hiyo haya nitakayokueleza usiyaite wivu wala uzee. Niliona jambo, nikalifuata.

Jambo lenyewe lamhusu Egide. Nimekutajia jina lake mara nyingi: yule Mrundi anayesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini humo humo, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, anayekaa Farsta na mkewe Dancille. Katika jiji hili lote, Dada, ni yeye peke yake ninayeweza kumwita rafiki bila kusitasita. Nikimpoteza huyo sina mwingine. Ndiyo maana nilipoanza kumshuku, chakula kilikosa ladha.

Unajua sisi wawili tunahakiki mieleka ya Kijapani. Kanda ni zile zile za Webuye, alizotuachia yule mwalimu wa umeme Mjapani pale chuo cha ufundi, Baba alipokuwa mtunza stoo. Watoto wa wenzetu walikuwa na katuni. Sisi tulikuwa na wanaume wazito wa Osaka na Sapporo, wakiangushana dakika arobaini bila mtu wa kututafsiria neno. Wewe ulishika daftari na kutoa alama juu ya kumi, na ulilifunika kwa kiwiko mpaka niseme yangu, maana ulinijua kwa kuiga.

Kwa hiyo hata huku niliweka sheria. Kila wiki tunachagua pambano moja. Kila mtu analitazama kwake, anaandika alama na sababu kwenye karatasi, anafunga ndani ya bahasha. Jumapili baada ya ibada tunakutana sebuleni kwa Egide, Dancille anatuwekea chai na maandazi, tunafungua bahasha zote mbili kwa pamoja. Halafu tunalitazama pambano upya, tunabishana, na mimi naandika uhakiki mmoja wa kuweka kwenye ukurasa wetu mtandaoni. Wasomaji wetu ni kama arobaini, na nusu yao nadhani hufika pale kwa kupotea njia. Haidhuru.

Shida ilianza mwezi wa nane. Kabla ya hapo Egide alikuwa akibahatisha tu; sasa alama zetu zilianza kulingana. Mimi saba, yeye saba. Mimi tisa, yeye tisa. Wiki ya tatu nilifurahi, nikasema rafiki yangu sasa ameiva. Wiki ya sita nikaacha kumsifu. Wiki ya nane nilimtazama Egide akinywa chai, nikajiuliza huyu mtu ni nani.

Kilichoniuma zaidi ni sababu zake. Mimi niliandika kwamba Moriwaki, yule mzee mwenye nywele nyeupe, alisahau kuchechemea baada ya kupigwa goti la kushoto. Egide naye akaandika goti la kushoto. Watu wawili wanaweza kugongana kwenye namba, sikatai, lakini goti? Na Egide hajawahi kutofautisha Moriwaki na refa.

Nikaanza uchunguzi. Kwanza nilinasa unywele kwenye gundi ya bahasha yangu, kama nilivyofanya hii yako. Jumapili ikafika, unywele uko palepale, na alama ziko sawa. Nikamshuku Dancille, kwa sababu ndiye hunipokea koti mlangoni, na bahasha hukaa kwenye mfuko wa koti. Wiki iliyofuata nikakataa kuvua koti. Nilikaa nalo sebuleni saa tatu nzima, jasho likinitiririka, Dancille akiniuliza kama nina homa. Nikasema ndiyo. Akaniletea chai ya tangawizi na kunifunika blanketi juu ya koti. Alama zikawa sawa.

Baada ya hapo nikaifungia bahasha kwenye kabati langu la kazini, na ufunguo nikauvaa shingoni. Sawa tena. Nilimchunguza mama mwenye kabati la jirani, Mungu anisamehe, ambaye hajui mieleka wala Kiswahili. Nilibadilisha nywila ya kompyuta. Nilifika hatua ya kuandika alama nikiwa nimelipa kisogo dirisha, na mimi nakaa ghorofa ya saba.

Kisha ikaja ile wiki uliyokwenda Busia kwenye mazishi ya Shangazi Agripina. Unakumbuka? Mtandao ulikuwa umekatika kwa mvua, na ujumbe wangu wa Alhamisi haukukufikia mpaka Jumatatu. Jumapili katikati yake tulifungua bahasha. Mimi nilikuwa nimelipa lile pambano alama tisa. Egide alikuwa amelipa mbili, na chini ameandika kwa herufi kubwa: HUYU MZEE APEWE KITI APUMZIKE.

Nilicheka mpaka machozi. Nilidhani uchunguzi umekwisha, nikala maandazi manne. Ilikuwa ndani ya treni, narudi Jakobsberg, nilipoacha kucheka. Wiki hiyo bahasha ilikaa palepale kabatini na ufunguo shingoni palepale. Kitu kimoja tu kilikuwa tofauti.

Dada, duniani kuna mtu mmoja tu ninayempa alama yangu kabla ya Jumapili. Kila Alhamisi, kama nilivyoahidi tangu daftari la Webuye.

Sikutaka kuamini. Kwa hiyo wiki mbili zilizopita nilikutegea mtego, na nakuomba radhi. Lile pambano la Tadokoro dhidi ya kijana wa kaptura nyekundu, mimi nililipa nane. Wewe nilikuandikia nne, nikasema watazamaji wamelala ukumbini. Kanda hiyo unaijua. Watazamaji wamesimama juu ya viti tangu mwanzo hadi mwisho, wakirusha riboni za karatasi mpaka ulingo haukanyagiki. Hakuna binadamu mwenye macho anayeweza kusema wamelala.

Jumapili Egide alifungua bahasha yake. Nne. Watazamaji wamelala.

Aliona nane yangu, rangi ikamtoka. Dancille alisimama na birika mkononi asimimine. Nami nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, makali, ya kumaliza kila kitu: kwamba miaka mitatu ameninywesha chai na uongo, kwamba anaongea na dada yangu nyuma ya mgongo wangu, kwamba sirudi tena Farsta. Nilitaka tu tulitazame pambano kwanza ili nimwonyeshe wale watu juu ya viti, halafu nimwulize wamelalaje.

Tukakaa kutazama. Tadokoro akamshika kijana kiunoni, akamnyanyua, akamrusha nyuma ya kichwa chake. Egide akaisimamisha kanda. Alikuwa ameshajua kwamba nimejua, nadhani, maana alikuwa ameacha kujificha. Akauliza swali ambalo mhakiki wa miaka mitatu hawezi kuuliza.

"Josiah, miye nauliza tu. Huyu wanamurusha, juu ya nini anaruka yeye mwenyewe?"

Nami, kwa kuwa siwezi kuulizwa kwa nini mtu anaruka nikanyamaza hata nikiwa na hasira, nikajibu.

"Asiporuka, mwenzake hawezi kumwinua. Wataumia wote wawili. Anayerushwa ndiye anayefanya nusu ya kazi."

Egide akalifikiria hilo. "Aa," akasema. "Basi wanasaidiana."

Maneno yangu makali nikayaacha. Nilinywa chai, nikasema ya leo ina iliki, nikaaga mapema. Kwenye treni nilikuwa bado na hasira, tena sasa hasira ilikuwa juu yako wewe. Wiki hiyo nilikuandikia barua tatu na nikazichana zote. Niliuliza ndani yake: dada yangu ananipeleleza kwa nini? Ananiona mimi mtoto? Jumapili zangu zote hizi zilikuwa huruma ya kupangwa kati ya Webuye na Farsta? Sina swali lililowahi kuniuma kama hilo la mwisho.

Na nilipokuwa nachana ile ya tatu nikakumbuka mwezi wa pili, miaka mitatu iliyopita, kabla ya Egide. Hapa ndipo nakuomba ukae chini, Dada.

Nilikuambia nilikuwa Uppsala kwenye mafunzo ya kazi. Sikuwa Uppsala. Nilikuwa hapa hapa nyumbani. Siku moja kazini nilishindwa kuhesabu sinia ya makasi. Makasi kumi na mawili tu. Nilifika saba nikarudia, nikafika saba nikarudia, mpaka msimamizi akanishika mkono na kunirudisha nyumbani. Nilikaa ndani wiki saba na mapazia yamefungwa. Sikula vizuri, sikulala. Simu zako nilizipokea moja kati ya tano, nikajifanya sauti ya mtu mwenye shughuli. Nilijiona hodari wa kudanganya.

Asubuhi moja nilishuka stesheni nikasimama jukwaani. Treni ikapita, ya pili ikapita, ya tatu, ya nne. Sikuwa nangoja treni ya kwenda popote. Nadhani unanielewa, na sitaki kuliandika zaidi ya hapo. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ilikuwa wewe. Sikupokea, lakini nilirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, nikaenda nyumbani.

Siku mbili baadaye nikapigiwa na mtu nisiyemjua, mwenye lafudhi ya Bujumbura, akasema amesikia nina kanda za mieleka ya Kijapani na yeye ni mpenzi mkubwa wa mchezo huo. Nilimuuliza amesikia kwa nani. Akasema, kwa watu. Nilimuuliza anampenda mwanamieleka gani. Akafikiri kidogo akasema, wote. Nilimshuku palepale, Dada, lakini nikamfungulia mlango, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki saba kumfungulia mtu. Alikuja na mkate na supu ya Dancille kwenye chupa ya chai. Tulitazama mapambano matatu. Alisinzia la pili.

Sijui ulimpataje. Nadhani ulipitia kwa Mama Adelina wa kanisani, lakini sitauliza, na wewe usiniambie. Nilikuwa nikijisifu kwamba hakuna kinachonipita, kumbe wewe uliisikia sauti yangu kutoka mbali kote huko ukajua. Sasa hayo umeyasikia kwangu mwenyewe. Miaka mitatu Egide, asiyeipenda mieleka hata kidogo, amerushwa na Moriwaki na Tadokoro na mimi, na kila Jumapili ameruka mwenyewe ili nisiumie. Na wiki ile ulipokuwa Busia, alipokosa wa kumwambia cha kuandika, alilitazama pambano zima peke yake, akamwonea huruma yule mzee. Hilo hukumpangia wewe. Hilo lilitoka kwake, na ndilo ninalolishika.

Sasa nina ombi. Usimwambie Egide kwamba nimekuandikia haya. Jumapili iliyopita nilikwenda Farsta kama kawaida, nikavua koti mlangoni, nikampa Dancille mwenyewe. Alama zikalingana, nikapiga meza na kusema ajabu hii. Egide akacheka. Na aendelee kupata habari zake Alhamisi, na mimi niendelee kushangaa.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na ukipita kwenye kaburi la Shangazi Agripina niwekee ua, maana sikumzika. Kuhusu afya yangu usihangaike: kuna daktari ninayemwona kila mwezi, na hilo pia nilikuficha. Makasi nayahesabu mpaka kumi na mawili bila kurudia. Mungu akutunze, Dada, wewe uliyenipigia simu asubuhi ile bila kujua unampigia nani na yuko wapi.

Ndugu yako mdogo akupendaye,
Josiah

N.B. Pambano la wiki hii nimelipa tisa. Tafadhali mwambie Egide aandike sita. Tukilingana tena nitaanza kumshuku.