Baba, Chuo Kimeliita Utovu wa Nidhamu

Mpendwa Baba,

Mvua zimeanza tena huku Songea, na nadhani nyumbani Madaba nako wameshapanda. Barua hii naiandika wazi, yeyote aisome, kwa sababu wewe ndiye uliyekataa jambo langu lizungumzwe kwa kunong'ona.

Unakumbuka nilivyokupigia simu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimepanga chumba mtaa wa Msamala. Nilikuambia kwamba Deo, mwanafunzi mwenzangu tuliyekuwa na uhusiano, alinipiga chumbani kwake niliposema tuachane, kisha akaniingilia kwa nguvu. Nilitegemea utanigombeza kwanza kwa kuwa na mvulana. Wewe ukauliza tu, "Hospitali umeshakwenda?" Kesho yake ulifika na basi la asubuhi, umevaa shati lako la kanisani.

Tulianza polisi, ambako kesi inasubiri mpaka leo, tukaenda kwa mshauri wa wanafunzi. Mama yule alikupa shikamoo kwa heshima zote, akakusogezea kiti. Hakuwa mtu mbaya, Baba. Alikuwa na hofu. Alinigeukia akauliza, "Chumbani kwake ulikwenda kwa miguu yako?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, akakuambia, "Mzee, hawa ni vijana waliopendana. Jina la chuo likichafuka tunaumia wote. Yamalizeni kifamilia."

"Kifamilia na nani?" ukamuuliza. "Mimi huyo kijana hata simfahamu."

Uliomba kamati ya nidhamu ikae, na hapo ndipo uchovu wetu ulipoanza. Kila ulipokuja kulikuwa na sababu. Mwenyekiti kasafiri. Wajumbe hawajatimia. Mitihani imekaribia. Wakati huo wote Deo alikaa darasani nyuma yangu, nikisikia kiti chake kila alipojisogeza. Niliomba ahamishiwe kundi lingine, wakasema hiyo ni kumhukumu kabla hajasikilizwa. Basi nikahama mimi. Wenzangu waliokuwa wakisoma nami wakabaki naye.

Halafu wajomba zake wakaja nyumbani Madaba. Mama alinisimulia baadaye jinsi walivyokaa sebuleni kwa adabu, wakasema kijana yuko tayari kuoa ili aibu iishe. Mama alitaka ukubali. Simlaumu, alikuwa amechoka na maneno ya jumuiya ya kanisani. Wewe uliwaacha wakamaliza chai, ukasema, "Anayempiga kabla hajamwoa, akishamwoa atamfanyaje?" Mama anasema hukupandisha sauti. Uliwasindikiza mpaka barabarani kama wageni wengine.

Kamati ilipokaa hatimaye, hukuruhusiwa kuingia. Ulibaki nje kwenye benchi, na mimi nikakaa meza moja na Deo, wajumbe wakiwa katikati yetu. Mjumbe mmoja aliniuliza mbona sikupiga kelele. Nikamjibu, "Nilipiga. Redio ilikuwa juu." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Deo alisema tulikuwa na ugomvi wa kawaida wa wapenzi, na hakuna aliyemwomba arudie.

Nilipotoka hukuniuliza nimeulizwa nini. Ulininunulia hindi la kuchoma, tukatembea hadi stendi ukinieleza habari za mbolea iliyochelewa na ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani kwetu. Ulizungumza njia nzima, wewe ambaye kwa kawaida huzungumzi. Nilikula hindi lile mpaka gunzi. Sijui kama ulijua kwamba ndicho chakula changu cha kwanza tangu jana yake.

Kifua kikakulaza kitandani kabla majibu hayajatoka. Kila nilipokaa pembeni ya kitanda uliuliza, "Wamesemaje?" Nikasema bado. Tulikuzika, tukafanya arobaini, nikarudi chuoni, na ndipo nikaitwa.

Walisemaje, Baba? Walisema Deo amepatikana na kosa la utovu wa nidhamu, amesimamishwa mwaka mmoja. Neno hilo hilo humpata anayeingia na simu kwenye mtihani. Nilimwuliza mshauri kama hakuna neno lingine. Akalifunga faili langu, akasema, "Kwenye kanuni zetu halimo, mwanangu." Nafikiri na yeye aliona aibu.

Watu waliniambia nimeshinda. Mwaka ukapita, Deo akarudi. Juzi alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya kantini, akachagua maharage, akacheka na rafiki zake. Sikuogopa kama zamani. Nilichoka tu, uchovu wa mtu aliyelima shamba zima akaambiwa mpaka ulikuwa kwingine. Nimebakiza muhula mmoja nimalize. Kuna siku naona ningeokoa nguvu zangu kama ningenyamaza. Kisha nakumbuka ulivyowajibu wale wajomba, na siwezi kukuambia kwamba ulipoteza nauli yako bure.

Jana jioni alinijia msichana wa mwaka wa kwanza, Zainabu, kwao Tunduru. Alisimama mlangoni, mtandio ameuvuta mpaka karibu na jicho, lakini uvimbe ulionekana. "Dada," akasema, "wanasema wewe unajua pa kuanzia."

Nilimkaribisha, nikampeleka hospitali, tukarudi kwangu akalala. Kabla hajalala nilimweleza yote bila kuyapamba: maswali watakayomuuliza, miezi atakayosubiri, neno watakaloliandika. Akasikiliza, kisha akauliza kama nitakwenda naye. Nikasema nitakwenda.

Asubuhi hii tunaanza. Hakuniuliza litaisha lini, na mimi sikumwambia, maana sijui. Nimemwambia tu anywe chai na viazi ashibe kabla hatujatoka, kwa sababu watatuweka sana.

Pumzika, Baba. Huku bado.

Ni mimi, binti yako mkubwa.