Sufuria ya Mama Mbele ya Jukwaa

Kwako Yaya Clémence, dada yangu mukubwa, huko Basoko,

Mimi niko muzima, na kuku wako ametotoa.

Juzi vijana wa rock wa hapa Kisangani walipiga konseri kwa ajili ya watu ambao mto uliwabomolea nyumba. Kuingia haikuwa kwa pesa: kila mutu alete sufuria moja ya kuwapa. Nilitoa ile kubwa ya marehemu mama. Usikasirike. Tangu tumuzike papa, na wewe haukufika, ninapikia mutu mumoja tu.

Bon, sikia sasa. Sufuria zilirundikwa mbele ya jukwaa kama kichuguu. Gitaa ya besi iliponguruma, zote zikalia pamoja. Yaya, nilisikia mpaka kwenye meno! Wanamuziki wenyewe walitazamana. Wa besi akarudilia sauti ileile polepole, na uwanja muzima ukanyamaza kama kanisani, sufuria tupu zikituimbia.

Asubuhi niliiona ile ya mama, na mukono wake wa waya, ikivuka mto ndani ya pirogi, mutumbwi wa wale waliobomolewa nyumba. Mutoto mudogo alikuwa ameketi ndani ya ile sufuria, anacheka.

Njoo, Yaya. Ile ndogo iliyobaki inatosha watu wawili.

Mudogo wako,
Fortunée